Shangazi, tuuze kiwanja nikalipie tiba ya oksijeni?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari ya serikali hapa Tanga. Nina miaka 32, nimeolewa. Tangu nivunje ungo, hedhi kwangu ni mateso. Kidato cha pili nilikuwa nikizirai darasani, mama ananichemshia tangawizi na kuniambia nikizaa itaisha. Sijazaa mpaka leo, na haijaisha.

Mwaka juzi ndipo daktari mmoja alinisikiliza. Nilifanyiwa upasuaji wa matundu madogo, ikaonekana ni endometriosi: iko kwenye ovari ya kushoto na nyuma ya mfuko wa uzazi. Alichoma vidonda alivyoweza kuvifikia, akanipa vidonge vya homoni. Nilivitumia miezi michache nikaviacha kwa sababu tunatafuta mtoto, na mama mkwe haachi kuuliza. Maumivu yakarudi. Siku za mwanzo siwezi kusimama mbele ya darasa. Haja kubwa ni kilio. Hata bega la kulia huniuma siku hizo hizo, nadhani ni kwa kuandika sana ubaoni. Mkuu wa shule ameshaanza kuhesabu siku ninazokosa.

Sasa rafiki wa mume wangu ametuletea habari za kituo kimoja Dar kinachotoa tiba ya oksijeni ya mgandamizo. Unaingia kwenye mfuko mkubwa wenye zipu, wanaujaza hewa, unalala humo saa nzima. Wanasema endometriosi inatokana na upungufu wa oksijeni mwilini, kwa hiyo damu ikijaa oksijeni ugonjwa unakauka na mimba inashika. Vikao ni 20, kila kimoja shilingi 150,000. Hiyo ni milioni tatu, bado nauli na mahali pa kulala. Mume wangu anasema tuuze kiwanja chetu cha Pongwe. Nilipopiga simu kuuliza mgandamizo ni kiasi gani wakajibu 1.3, na kinachoingizwa ni "hewa safi iliyochujwa". Mimi ndiye ninayefundisha kanieneo, yaani mgandamizo, Shangazi, lakini mtu ukiumwa hivi, akija wa kukuambia unapona, unataka kumwamini.

La pili ni la kazi. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza hawaielewi kabisa mada ya kanieneo katika vimiminika na gesi. Maabara haina vifaa. Nilifikiri niwafundishe kwa mfano wa hizi chemba za mgandamizo na wazamiaji wa baharini, nieleze na sababu iliyonifanya nizifuatilie. Mwenzangu wa idara akaniambia nisiingize mambo ya hedhi kwenye fizikia, niwape noti wakariri. Nifanyeje? Na nina binti mmoja anakosa shule kila mwezi, namwona kama nilivyokuwa mimi.

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Kiwanja msiuze. Nitakueleza sababu, lakini nianze na jambo ambalo wewe umelipitia juu juu na mimi nimelisoma nikarudia.

Ni hilo bega la kulia. Ubao unaandika wiki zote za muhula, kwa nini bega liume siku za hedhi tu? Endometriosi ni chembe zinazofanana na zile za utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, zikaota mahali pasipo pake, na mahali hapo si nyonga peke yake. Kwa baadhi ya wanawake huota kwenye kiwambo, ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na mara nyingi ni upande wa kulia. Neva ya kiwambo inatoka shingoni, ndiyo maana kiwambo kikichokozwa, mtu husikia maumivu begani. Ikipenya zaidi huweza kufika kifuani, na hapo kuna hatari ya hewa kuvujia nje ya pafu na pafu kusinyaa, kwa kawaida ndani ya siku tatu tangu hedhi ianze. Sisemi kwamba unayo. Nasema bega linaloumia kwa kalenda ya hedhi ni habari ambayo daktari wako lazima aipate, na naamini hukumwambia kwa sababu uliona ni uchovu wa kazi.

Jiulize pia kama siku hizo hubanwa na pumzi, au kifua kinachoma ukivuta hewa ndani, au umewahi kukohoa damu. Ikitokea ghafla unashindwa kupumua na upande mmoja wa kifua unauma, hapo husubiri kliniki ya Jumatatu, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Unaona sasa kwa nini nimeanza na bega kabla ya chemba. Hesabu hii unaifundisha mwenyewe. Chukua mtu mwenye hewa iliyonaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua, yuko ndani ya chemba yenye mgandamizo wa atmosfia 2.4 (atmosfia 1 ni mgandamizo wa hewa ya kawaida usawa wa bahari), na hewa hiyo ina ujazo wa nusu lita. Mgandamizo ukishushwa kurudi 1, kwa kanuni ya Boyle, kwamba mgandamizo ukipungua gesi hutanuka, ile nusu lita inakuwa lita 1.2, na haina pa kutokea. Inalisukuma pafu na moyo. Ndiyo maana kila kitengo makini cha tiba hii humkataa mgonjwa mwenye pafu lililovuja hewa mpaka litibiwe kwanza. Je, hao wa mfuko wa zipu walikuuliza lolote kuhusu kifua chako? Kwenye barua yako sijaliona hilo.

Tuje kwenye tiba yenyewe. Tiba ya oksijeni ya mgandamizo ni tiba halali, na kwa magonjwa yake inaokoa watu. Mzamiaji aliyepanda juu haraka akapooza miguu, mtu aliyevuta moshi wa jiko la mkaa chumbani, kidonda cha kisukari mguuni kilichogoma kupona, tishu zilizoharibiwa na mionzi ya saratani: hao wote wana sababu ya kuingia. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ina orodha ya hali 13 ambazo chemba hizi zimeidhinishwa kuzitibu. Endometriosi haimo.

Hoja yao ya oksijeni ina chembe ya ukweli, na hiyo ndiyo inayowavuta watu. Watafiti wameona kwamba ndani ya vidonda vya endometriosi kuna sehemu zenye oksijeni kidogo, na hali hiyo huziamsha chembe kuita mishipa mipya ya damu. Ila uhaba huo uko ndani ya kidonda, mwili mzima hauna upungufu. Pima kidole chako kwa kile kifaa cha kubana, utakuta oksijeni ya damu yako ni asilimia 97 au 98 kama ya mtu yeyote mzima. Isitoshe, kinachokilisha kidonda hasa ni homoni ya estrojeni, ambayo kidonda kinaweza hata kujitengenezea chenyewe, pamoja na uvimbe unaochochewa na kinga ya mwili. Oksijeni haiigusi estrojeni. Imejaribiwa kwa panya waliopandikizwa vidonda kwa upasuaji, na vidonda vikapungua. Panya hawapati hedhi, mwanangu. Kutoka hapo mpaka kumwambia mwanamke wa Tanga auze kiwanja atashika mimba ni mbali sana.

Hata hivyo, tuseme tiba ingekuwa inafaa. Bado huo mfuko si hiyo tiba. Naomba ukae na kalamu kama unavyomkalisha mwanafunzi. Tanga mko usawa wa bahari, kwa hiyo mgandamizo wa hewa ni atmosfia 1, na oksijeni ndani yake ni asilimia 21. Sehemu ya oksijeni basi ni 0.21. Ukiingia kwenye mfuko wa 1.3 wenye hewa ya kawaida, hata iwe imechujwa namna gani, unapata 0.21 mara 1.3, yaani 0.27. Mgonjwa wa wodini aliyewekewa mrija wa puani wa lita mbili kwa dakika anapata karibu kiasi hicho hicho akiwa kitandani kwake. Hicho ndicho mnachotaka kukilipia milioni tatu.

Chemba ya hospitali hufika atmosfia 2 hadi 3, na mgonjwa huvuta oksijeni tupu. Hapo ndipo kanuni ya Henry inapofanya kazi: mgandamizo wa gesi ukiongezeka, gesi huyeyuka zaidi kwenye kimiminika. Kwa hewa ya kawaida, kila mililita 100 za damu zina kama mililita 0.3 tu za oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ya damu, nyingine zote, karibu mililita 20, zimebebwa na himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu za damu. Himoglobini ikishajaa, haibebi zaidi hata uipe nini. Kwa oksijeni tupu kwenye atmosfia 3, iliyoyeyuka inapanda mpaka karibu mililita 6, kiasi ambacho tishu zinaweza kuishi nacho bila msaada wa himoglobini. Kwenye mfuko wako wa zipu inapanda kutoka 0.3 hadi kama 0.4. Ningependa sana umwonyeshe mume wako tarakimu hizo kwa mwandiko wako mwenyewe. Atakuamini wewe kuliko mimi, na yeye hana kosa, anataka tu uache kuumia.

Oksijeni ya mgandamizo ina madhara yake pia. La kawaida ni masikio, ngoma ya sikio huweza hata kupasuka mtu akishindwa kuyazibua. Macho huweza kuona mbali kwa shida kwa wiki kadhaa. Mara chache oksijeni nyingi huleta degedege. Na kuna moto: penye oksijeni nyingi, cheche ndogo ya nguo ya nailoni inatosha. Mwezi wa Januari 2025 mtoto wa miaka 5 alifariki Michigan, Marekani, chemba ilipowaka moto akiwa ndani. Alikuwa amepelekwa kwa matibabu, na kisa chake kinaniuma kila nikikikumbuka.

Sasa nikuambie ningefanya nini na fedha na nguvu zako. Anza hospitali ya Bombo hapo Tanga, kliniki ya magonjwa ya wanawake, na uende na karatasi. Kwa mizunguko miwili au mitatu iliyopita andika tarehe, maumivu yako wapi, bega, haja kubwa, tendo la ndoa kama linauma, dawa uliyomeza na kama ilisaidia. Beba ripoti ya ule upasuaji. Litaje bega kabla ya yote, uombe kifua kipigwe picha, na uombe rufaa kwenda Muhimbili kwa madaktari wanaofanya upasuaji wa matundu. Wewe ni mwalimu wa serikali, kadi yako ya bima itumie, na uulize mapema dirishani nini kinalipiwa na nini hakilipiwi. Ukiambiwa ultrasaundi haionyeshi kitu, usikubali kwamba huumwi. Ultrasaundi safi haifuti endometriosi, hilo liko hata kwenye mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa mwaka 2022.

Suala la mtoto ndilo linaloamua tiba, kwa hiyo lisemeni wazi mbele ya daktari mkiwa wawili. Vidonge na sindano za homoni hutuliza maumivu, lakini huzuia mimba kwa muda mnaozitumia, na sindano ya miezi mitatu inaweza kuchelewesha mimba kwa miezi mingi hata baada ya kuiacha. Kama mnataka mtoto sasa, sindano hiyo si yenu. Upasuaji uliofanywa vizuri huweza kuongeza nafasi ya kushika mimba, hasa ugonjwa ukiwa haujakomaa. Na kabla ya yote hayo, mume wako amepima mbegu? Kipimo hicho ni bei ndogo sana ukilinganisha na hayo mamilioni, na nimeona nyumba nyingi ambazo mwanamke amepasuliwa na mwanamume hajawahi kuulizwa swali. Mama mkwe naye ana haki ya kujibiwa na mwanawe. Mzigo wa kumjibu usiubebe wewe.

Kwa maumivu ya sasa: dawa kama ibuprofeni hufanya kazi vizuri zaidi ukiianza dalili za kwanza zinapojitokeza kuliko kungoja mpaka ulale chini. Miligramu 400 kila baada ya saa nane, baada ya kula, kwa siku hizo chache tu, na usitumie kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayochokozwa na dawa hizi, wala kama hedhi imechelewa na huenda una mimba. Chupa ya maji moto tumboni inasaidia kweli, usiidharau kwa kuwa ni ya bure. Na mwambie daktari akuandikie barua ya mkuu wa shule. Huhitaji kumsimulia mwili wako, barua inayosema una ugonjwa sugu unaotibiwa inatosha, na mwombe apange vipindi vyako ili siku mbaya zisiangukie kwenye mitihani.

Kuhusu darasa, niko upande wako kabisa. Mwenzako anadhani unataka kufundisha hedhi. Unachotaka kufundisha ni jinsi mwili wa mtu unavyotii kanuni zile zile zinazotiiwa na maji ya ndoo, na watoto wa pwani wana haki ya kulijua hilo kuliko wote, maana wana baba na kaka wanaozamia pweza na majongoo.

Tafuta chupa ya maji ya lita 1.5, ijaze mpaka shingoni. Chukua kifuniko cha kalamu ya biki, kama kina tundu juu lizibe kwa udongo wa plastiki au bazoka iliyotafunwa, kisha bandika kipande kidogo cha udongo huo chini, kwenye mdomo wa kifuniko, bila kuuziba, kiasi kwamba kikiwekwa majini kinaelea wima na kichwa tu kinachungulia. Kitumbukize chupani, funga kizibo, mpe mwanafunzi aiminye chupa kwa mikono miwili. Kifuniko kinazama. Akiachia, kinapanda. Usiwaeleze kwanza. Waache wabishane. Kisha waambie watazame kiputo cha hewa ndani ya kifuniko: chupa ikiminywa kiputo kinapungua na maji yanaingia, ikiachiwa kinatanuka na maji yanatoka. Hapo una Pascal, kwa kuwa mkono umebana ubavuni na nguvu imefika kila mahali. Una Boyle kwenye kiputo. Una Archimedes kwenye kuzama. Kanuni tatu kwa gharama ya chupa tupu, na kila mtoto ameshika kwa mkono wake.

Kipindi kinachofuata wape hesabu. Kila mita 10 za maji ya bahari zinaongeza karibu atmosfia 1. Basi chemba ya 2.4 ni sawa na kina cha mita 14, na mfuko wa 1.3 ni mita 3. Waulize nani hapa kaka yake anazamia zaidi ya mita 3. Mikono itakuwa mingi. Waulize masikio yao hufanyaje wakizama, nao watakueleza jinsi ya kubana pua na kupuliza. Kisha fungua soda mbele yao, waone gesi iliyokuwa imeyeyuka ikitoka kwa kasi mgandamizo ulipoondoka, na waeleze kwamba hivyo ndivyo naitrojeni inavyotoka kwenye damu ya mzamiaji wa mtungi anayekimbilia juu. Hapo chemba inaingia yenyewe kwenye somo: unamrudisha mzamiaji kwenye mgandamizo, viputo vinapungua, kisha unaushusha mgandamizo taratibu. Katika hayo yote hukulazimika kusema neno la ugonjwa wako. Siku utakayotaka kusema, sema kwa sentensi moja, na wavulana wasikie pia. Wana dada nyumbani.

Halafu wape ile hesabu ya 0.21 mara 1.3 kama swali la mtihani: kituo kinatangaza kwamba mfuko wake unajaza damu oksijeni, je, ni kweli? Mtoto anayeweza kulijibu hilo hataibiwa kirahisi akiwa mtu mzima.

Huyo binti mwite pembeni, wewe na mwalimu wa malezi. Usimwambie atapona akizaa, wewe unajua neno hilo lilivyokuchelewesha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke na msichana mmoja kati ya kumi walio kwenye umri wa kuzaa wana ugonjwa huu, na wengi hukaa miaka mingi bila kuambiwa unaitwaje. Mwulize kama maumivu yanamzuia kwenda shule kila mwezi, kama dawa za kawaida hazimsaidii, kama haja kubwa inauma. Akijibu ndiyo, mwite mama yake. Mama akikuambia kwamba hata yeye alikuwa hivyo, usibishane naye, mwambie kwamba huenda hata yeye alihitaji kuonwa na daktari, kisha mwandikie karatasi ya kuanzia kituo cha afya.

Nawe picha ya kifua iwe ndani ya mwezi huu, kabla ya hedhi nyingine mbili kupita. Kama kituo hicho cha Dar kitawapigia tena, waulize swali moja tu: mgonjwa mwenye endometriosi ya kifuani mnamfanyaje? Majibu ya picha ukiyapata, niandikie.

Shangazi